Jinsi ya kubadilisha vipimo vya ukolezi bila kupotoka

MKULIMA wa kahawa eneo la Othaya hununua paketi ya dawa ya ukungu iliyoandikwa asilimia 50. Mhudumu wa mtambo wa kusafisha maji mjini Nyeri husoma miligramu kwa lita. Mtahiniwa wa KCSE mjini Nanyuki hutakiwa kutoa jibu kwa moli kwa lita. Naye mgonjwa wa kisukari mjini Karatina anaweza kuambiwa sukari yake ni 7, ilhali mashine ya jirani yake inaonyesha 126.

Wote wanne wanazungumzia jambo moja, yaani ukolezi. Hata namba mbili za sukari zilizotajwa, 7 na 126, ni kiasi kile kile cha sukari katika damu. Kinachotofautiana ni kipimo.

Ugumu wa somo hili haupo katika hesabu yenyewe, kwani hesabu inayohitajika ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Ugumu hutokea pale mtu anapochukua namba na kusahau kipimo kilichoandikwa kando yake. Kosa la aina hiyo darasani humnyima mwanafunzi alama moja au mbili. Shambani, hospitalini au katika tangi la maji, huweza kuleta hasara kubwa zaidi.

Maana ya ukolezi

Mfano ulio karibu na kila nyumba ya eneo la Mlima Kenya ni chai. Vijiko viwili vya sukari vikitiwa katika kikombe, chai hukolea. Vijiko hivyo hivyo vikitiwa katika birika nzima, utamu hausikiki. Sukari haikupungua hata chembe, bali imeenea katika maji mengi zaidi.

Wanakemia huita sukari hiyo kiyeyushwa, maji huitwa kiyeyusho, na vyote viwili vikichanganyika huwa myeyusho. Ukolezi ni kiasi cha kiyeyushwa kilichomo katika kiasi fulani cha myeyusho. Kwa hivyo kila kipimo cha ukolezi kina sehemu mbili: kitu kinachopimwa na kile ambacho kimo ndani yake. Anayetaja moja na kuacha ya pili hajasema lolote.

Vipimo vinavyotumika sana ni vinne. Cha kwanza ni gramu kwa lita, ambacho ndicho rahisi kukielewa. Cha pili ni asilimia. Cha tatu ni sehemu kwa milioni, kinachotumika pale kiyeyushwa kinapokuwa kidogo mno. Cha nne ni moli kwa lita, ambacho wanakemia hukiita molariti.

Moli ni hesabu ya chembe, kama vile dazeni ilivyo hesabu ya mayai. Tangu Mei 20, 2019, moli moja imewekwa rasmi kuwa chembe 6.02214076 × 10²³. Dazeni ya mayai na dazeni ya maboga zina idadi sawa lakini uzani wao hautoshani. Vivyo hivyo, moli moja ya chumvi ya mezani ina gramu 58.4, ya glukosi gramu 180, na ya magadi makali, yaani sodiamu haidroksaidi, gramu 40. Uzani huo wa moli moja ndio daraja la kuvuka kutoka gramu hadi moli. Anayetoka kwenye gramu hugawanya, na anayetoka kwenye moli huzidisha.

Asilimia tatu zisizofanana

Asilimia ndiyo inayowapotosha wengi, kwa sababu neno hilo moja hubeba maana tatu.

Kuna asilimia ya uzani katika ujazo, ambapo asilimia 1 ni gramu 1 katika kila mililita 100. Hii ni sawa na gramu 10 kwa lita, au miligramu 10,000 kwa lita. Maji ya dripu yanayotundikwa hospitalini yana chumvi asilimia 0.9 kwa maana hii. Hiyo ni gramu 9 kwa lita. Zikigawanywa kwa 58.4, hupatikana moli 0.154 kwa lita, au milimoli 154.

Kuna asilimia ya ujazo katika ujazo, ambayo huandikwa kwenye chupa za pombe. Bia ya asilimia 5 ina mililita 5 za kileo katika kila mililita 100 za bia.

Ya tatu ni asilimia ya uzani katika uzani, inayoandikwa kwenye chupa za asidi kali za maabara na kwenye dawa za unga. Kuitoa hii hadi gramu kwa lita kunahitaji namba nyingine, yaani uzito wa kila mililita ya myeyusho.

Asidi ya haidrokloriki inayouzwa kwa maabara za shule huwa mara nyingi na asilimia 37, na kila mililita yake ina uzani wa gramu 1.18 hivi. Lita moja basi ina uzani wa gramu 1,180, na asilimia 37 ya hizo ni gramu 437. Zikigawanywa kwa 36.5, ambao ni uzani wa moli moja ya asidi hiyo, hupatikana takriban moli 12 kwa lita.

Anayesahau uzito huo wa mililita na kudhani kwamba lita moja ina kilo moja atapata gramu 370, kisha moli 10.1. Myeyusho wowote atakaoutengeneza kutokana na hesabu hiyo utakuwa mkali kuliko anavyodhani, na darasa zima litapata majibu yaliyopotoka kabla hata ya kushika bureti.

Sukari ya damu: 7 au 126

Hospitali nyingi nchini Kenya hupima sukari ya damu kwa milimoli kwa lita. Marekani na nchi nyingine kadhaa hutumia miligramu katika mililita 100, ambazo ni desilita moja. Mashine ndogo za kupimia nyumbani, hasa zile zinazotumwa na jamaa walio ng'ambo, huweza kuja zikiwa zimewekwa kwa kipimo hicho cha pili.

Kubadilisha si kazi. Miligramu 126 katika desilita ni miligramu 1,260 kwa lita, kwa kuwa lita moja ina desilita 10. Uzani wa milimoli moja ya glukosi ni miligramu 180. Kwa hivyo 1,260 ikigawanywa kwa 180 hutoa 7. Njia ya mkato ni kugawanya kwa 18 ili kupata milimoli, au kuzidisha milimoli kwa 18 ili kupata miligramu.

Kipimo cha 7 kwa mtu ambaye hajala usiku kucha ndicho mpaka ambao madaktari hutumia kutambua ugonjwa wa kisukari. Mgonjwa aliyezoea kuona 7, akiona 126 kwenye mashine mpya, anaweza kushtuka na kuongeza dawa pasipo sababu. Kabla ya kusoma namba, sharti asome herufi ndogo zilizo kando yake.

Hatari kama hiyo imo katika dawa ya kurudisha maji mwilini, ORS, ambayo hupewa watoto wanaoharisha. Mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2002 una milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi kwa lita. Kwa gramu, glukosi hiyo ni 13.5.

Paketi iliyokusudiwa lita moja ikitiwa katika nusu lita, ukolezi wa kila kitu huongezeka maradufu. Sodiamu hufika milimoli 150 kwa lita, ambayo ni zaidi ya ile iliyomo katika damu ya mtu mwenye afya, yaani kati ya 135 na 145 hivi. Maji yaliyotarajiwa kumwokoa mtoto huweza kumzidishia madhara. Paketi zenyewe huja kwa ukubwa mbalimbali, na ndiyo maana maafisa wa afya husisitiza mama asome kiasi cha maji kilichoandikwa wala asikisie kwa kikombe.

Klorini na kanuni ya kuzimua

Kampuni ya maji ya Nyeri, NYEWASCO, husafisha maji ya mto Chania utokao milima ya Aberdare. Kama ilivyo kwa kampuni nyingine za maji, hatua muhimu ya mwisho ni kutia klorini ili kuua viini. Kiasi kinachotakiwa kubaki katika maji ni kidogo sana. WHO hupendekeza angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, na kisizidi miligramu 5 kwa lita.

Hapa ndipo sehemu kwa milioni huingia. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja, yaani miligramu milioni moja. Miligramu 1 katika lita basi ni sehemu 1 kwa milioni. Usawa huu hufaa kwa maji na myeyusho hafifu tu. Haufai kwa asidi kali, mafuta wala pombe, kwa kuwa lita ya vitu hivyo haina uzani wa kilo moja.

Wanaohifadhi maji ya mvua au ya kisima katika matangi hutumia hesabu iyo hiyo. Tuseme afisa wa afya ya umma ameelekeza kwamba tangi la lita 10,000 litiwe klorini miligramu 2 kwa kila lita. Klorini inayohitajika ni miligramu 20,000, yaani gramu 20.

Ikiwa dawa iliyopo ni ya maji yenye klorini asilimia 3.5, kila lita yake ina gramu 35. Gramu 20 zikigawanywa kwa 35 hutoa lita 0.57, yaani mililita 570 hivi. Ikiwa dawa ni ya unga yenye klorini asilimia 65, gramu 20 zikigawanywa kwa 0.65 hutoa gramu 31. Dawa za kufulia zilizotiwa manukato hazifai kwa maji ya kunywa hata hesabu ikiwa sahihi.

Kanuni inayotawala kazi hii ni ile ya birika la chai: kuongeza maji hakupunguzi kiyeyushwa. Ukolezi wa kwanza ukizidishwa kwa ujazo wa kwanza hutoa jibu sawa na ukolezi wa pili ukizidishwa kwa ujazo wa pili.

Wahudumu wa hospitali huhitaji klorini asilimia 0.5 kwa kusafisha mahali palipomwagika damu. Hiyo ni sehemu 5,000 kwa milioni. Wakati wa janga la Covid-19 mwaka 2020, WHO ilipendekeza asilimia 0.1, yaani sehemu 1,000 kwa milioni, kwa kupangusa meza na vitasa vya milango.

Kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5 ni kuzimua mara saba. Wengi husikia saba na kutia sehemu moja ya dawa katika sehemu saba za maji. Hilo ni kosa, kwani jumla huwa sehemu nane na ukolezi hushuka hadi asilimia 0.44. Saba ni jumla ya mchanganyiko wote. Maji yanayotakiwa ni sehemu sita.

Kahawa, mishiri na masoko ya ng'ambo

Katika mashamba ya kahawa ya Tetu, Mathira, Mukurwe-ini na Othaya, dawa zenye madini ya shaba zimetumika kwa miaka mingi dhidi ya kutu ya majani na ugonjwa unaoozesha matunda. Aina za Ruiru 11, iliyotolewa 1985, na Batian, iliyotolewa 2010, zilizalishwa ili kumpunguzia mkulima gharama ya dawa hizo. Hata hivyo, mikahawa ya zamani ya aina za SL28 na SL34 ingali mingi, nayo huhitaji kunyunyiziwa.

Tuseme kibandiko cha dawa ya unga yenye shaba asilimia 50 kinaelekeza gramu 50 katika pampu ya lita 20. Hiyo ni gramu 2.5 za unga kwa lita, au asilimia 0.25. Nusu ya unga ndiyo shaba, kwa hivyo shaba ni gramu 1.25 kwa lita, yaani sehemu 1,250 kwa milioni.

Mkulima akibadilisha dawa na kununua yenye shaba asilimia 35, kisha apime gramu 50 zile zile, shaba itashuka hadi gramu 0.88 kwa lita. Ataona ugonjwa ukienea na kulaumu dawa, kumbe ni hesabu. Njia salama ni kufuata kibandiko cha paketi iliyo mkononi, wala si kumbukumbu ya paketi ya msimu uliopita.

Kuna upande wa pili wa hesabu hiyo. Kwa wakulima wa mishiri wa Kirinyaga, Kieni na viunga vya Nanyuki na Meru, kinachopimwa ni mabaki ya dawa ndani ya mboga zilizokwisha kuvunwa. Kipimo chake ni miligramu kwa kilo, ambacho pia ni sehemu kwa milioni.

Kwa dawa ambazo Umoja wa Ulaya haukuziwekea kiwango maalumu, mpaka wake ni miligramu 0.01 kwa kilo. Msomaji anaweza kudhani kwamba namba hiyo haina maana mpaka aibadilishe. Miligramu 0.01 kwa kilo ni miligramu 10 kwa tani, yaani gramu moja ya dawa katika tani 100 za mishiri. Mwaka 2013, Ulaya iliongeza ukaguzi wa maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa. Dawa iliyokolezwa kupita kiasi, au kuvuna kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko, hutosha kuuvuka mpaka huo.

Pombe na sumu ndani yake

Asilimia iliyo kwenye chupa ya pombe ni ya ujazo, na mililita moja ya kileo cha kawaida, ethanoli, ina uzani wa gramu 0.789 pekee. Lita ya bia ya asilimia 5 basi haina gramu 50 za kileo bali 39.5, sawa na moli 0.86.

Chupa ya bia ya mililita 500 ina mililita 25 za kileo. Chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe kali ya asilimia 40 ina mililita 100. Anayemaliza chupa hiyo ndogo amekunywa kileo cha bia nne, ingawa chupa ni nusu ya ukubwa.

Kanuni za trafiki za 2011 zilizoleta kifaa cha kupima pumzi za madereva nchini Kenya ziliandika kiwango hicho kuwa miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu, au mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi. Mikrogramu ni sehemu ya elfu ya miligramu. Kwa hesabu, damu ina kileo mara 2,300 hivi kuliko pumzi ya ujazo uo huo. Hizo miligramu 80 ni gramu 0.8 kwa lita, au milimoli 17.

Lakini hatari kuu zaidi ni methanoli, ambayo haitofautiki na ethanoli kwa macho, na harufu yake hukaribiana nayo. Mwezi Mei 2014, pombe yenye sumu iliua makumi ya watu nchini, Embu ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya. Mwezi Februari 2024, watu wasiopungua 17 walifariki baada ya kunywa pombe katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona.

Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva ya macho. Vitabu vya tiba husema mililita 10 za methanoli tupu zaweza kupofusha, na 30 zaweza kuua. Pombe yenye methanoli asilimia 10 huonekana kama iliyochanganywa kidogo. Lakini asilimia 10 ya chupa ya mililita 250 ni mililita 25. Chupa moja tu inatosha kumpofusha mnywaji na kumfikisha karibu na mauti.

Hospitalini, matibabu ya kuzuia sumu hiyo huanza damu inapofika miligramu 20 za methanoli katika mililita 100. Hiyo ni miligramu 200 kwa lita. Zikigawanywa kwa 32, uzani wa milimoli moja, hupatikana milimoli 6 hivi. Dalili huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24, hivyo anayeanza kuona ukungu machoni siku ya pili asisubiri nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja.

Katika chumba cha mtihani

Mtahiniwa wa kemia katika KCSE hukutana na haya yote katika karatasi ya tatu, ile ya majaribio ya maabara. Huko ujazo huandikwa kwa sentimita za ujazo, ambazo ni sawa na mililita.

Mfano: sentimita 25 za sodiamu haidroksaidi zimesawazishwa na sentimita 20 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 0.1 kwa lita. Moli za asidi ni 0.1 × 20 ÷ 1000, yaani 0.002. Kwa kuwa moli moja ya asidi hukutana na moja ya alkali, alkali nayo ni moli 0.002. Moli hizo zimo katika sentimita 25, kwa hivyo katika lita moja kuna 0.002 × 1000 ÷ 25, yaani 0.08. Zikizidishwa kwa 40 hupatikana gramu 3.2 kwa lita.

Hatua za kukumbuka

Kwanza, andika namba pamoja na kipimo chake kila mara. Ikiwa ni asilimia, uliza ni ya uzani au ya ujazo.

Pili, peleka kila kitu kwenye gramu kwa lita, ambako njia zote hukutana. Asilimia ya uzani katika ujazo huzidishwa kwa 10. Asilimia ya ujazo huzidishwa kwa 10, kisha kwa uzito wa mililita moja ya kiyeyushwa. Asilimia ya uzani katika uzani huzidishwa kwa 10, kisha kwa uzito wa mililita moja ya myeyusho. Moli kwa lita huzidishwa kwa uzani wa moli moja. Sehemu kwa milioni, ikiwa ni ya maji, hugawanywa kwa 1,000.

Tatu, kutoka hapo nenda kwenye kipimo unachotaka kwa kugeuza hesabu hizo kinyume.

Nne, lipime jibu kwa akili. Kipimo kikiwa kidogo, namba huwa kubwa: asilimia 0.5 na sehemu 5,000 kwa milioni ni kitu kimoja. Jibu likionyesha kwamba tangi la maji linahitaji debe zima la klorini, kosa limo katika hesabu. Rudia kabla ya kumimina.

Na katika maabara, asidi kali humiminwa polepole ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kwa kuwa joto linalotokea laweza kuirusha asidi usoni.